MKATABA WA KAZI: NGAO YA MFANYAKAZI NA MWAJIRI

Masuala ya kazi si ya Muungano. Kwa hiyo ajira katika sekta binafsi, Unguja na Pemba, huongozwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, wala si ile ya Tanzania Bara ya 2004.

Msingi wa ajira ni mkataba. Makubaliano ya mdomo husahaulika, na siku ya mzozo kila upande huja na kauli yake. Basi na yaandikwe: kazi yenyewe, mshahara na siku ya kulipwa, saa za kazi na likizo. Asiyejua kusoma asomewe kabla ya kutia dole gumba. Kila upande ubaki na nakala.

Mali bila daftari hupotea bila habari; na jasho ni mali.