ULIKUWA WAPI SIKU ILE VOLKANO ILIPOTOKA?

Somo: Yoshua 4:1-9, Luka 13:4-5



Tufungue kwanza kitabu cha Yoshua. Israeli wamekwisha kuvuka Yordani, na kabla hawajaenda mbali wanaamriwa kuchukua mawe kumi na mawili katikati ya mto, mahali pale pale makuhani waliposimama. Siku moja watoto watauliza: mawe haya ni ya nini? Tuangalie vizuri jambo hili. Mawe hayakuokotwa popote tu. Yalitoka mahali miguu ya watu iliposimama.

Sisi wa Goma hatukuhitaji kushuka mtoni. Mawe yetu yalitufuata mpaka nyumbani. Ni yale meusi tunayojengea kuta na misingi, yale yanayokata viatu vya watoto wetu wakienda masomoni. Vijana wengi wanaokaa juu yake leo hawakuwa wamezaliwa siku yalipofika yakiwa moto. Wao ndio wanaotuuliza: Papa, Mama, ulikuwa wapi?

Ilikuwa siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002. Asubuhi mlima wa Nyiragongo ulipasuka upande wa kusini, na nyufa zikashuka mpaka karibu na Munigi. Mchana moto ukaingia mjini. Mkondo mmoja ulifunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji, ukaharibu kanisa kuu la ndugu zetu Wakatoliki, ukamwagika katika Ziwa Kivu. Watu mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakaingia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba.

Basi, tunapojibu watoto tuwe waangalifu. Kuna ndugu anayesimulia namna alivyoona kanisa kuu likianguka. Anasimulia vizuri sana, hata machozi yanatoka. Lakini sisi tulikuwa naye Gisenyi saa zile, tumeketi kando ya barabara! Hatusemi ni mwongo. Amesikia habari ile mara nyingi hata imekuwa yake. Lakini shahidi husema: hili niliona, na hili niliambiwa. Mtoto apewe yote mawili, kila moja kwa jina lake.

Kuna hatari nyingine. Mzee mmoja wa kwetu alikataa kutoka nyumbani siku ile. Alisema: mwaka wa 1977 mlima huu ulitoka, tarehe 10 Januari, nami nilikuwepo, moto ulishuka kwa mbio kubwa ukaua watu vijijini, lakini mjini kati haukufika. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Alikuwa amesimama mahali salama mwaka ule, akafikiri mahali pale patakuwa salama siku zote. Wajukuu walimvuta kwa mikono, na jioni nyumba yake haikuwepo tena. Kumbukumbu ni shahidi, si nabii. Nasi tulikumbuka hilo tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi usiku, mlima ulipotoka tena. Safari ile moto ulisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na wengi wakasema yamekwisha. Siku tano baadaye serikali ikaamuru kartie kumi za mji zihame, na barabara ya Sake ikajaa watu. Watoto zaidi ya 150 walipotezana na wazazi wao katika kukimbia kule kwa mwezi wa Mei.

Tena wako wahubiri waliosema mwaka wa 2002 kwamba Goma iliungua kwa sababu ya dhambi zake. Luka sura ya 13 inawajibu. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18, na Bwana alikataa kusema kwamba wale walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Siku ya Jumatatu, tarehe 21 Januari 2002, makumi ya watu walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka, wakati watu wanachota mafuta karibu na lava yenye moto bado. Wengine wanawaita wezi mpaka leo. Lakini wengi mjini walikuwa wamepoteza kila kitu, na sisi wenyewe tunajua tulichookota siku zile. Familia zao hazisimulii. Mtoto akiuliza, anaambiwa anyamaze. Hatupendi jambo hili. Mtu aliyekufa vibaya naye alikuwa na mahali aliposimama.

Tuseme basi na yale yasiyotupendeza. Mama mmoja wa kusanyiko letu alikaa miaka mingi akisimulia kukimbia kwake: joto, giza, tetemeko la udongo, watoto wanne wakishika kikwembe chake wasipotee. Wote walimpongeza. Kisha binti yake mdogo akauliza jambo moja: na mzee jirani, yule asiyeweza kutembea, nani alimbeba?

Mama alinyamaza. Halafu akasema kwamba walimkumbuka mzee walipofika mpakani, na kurudi hakukuwezekana tena. Vijana wa avenue nyingine, ambao hata leo hajui majina yao, walimpakia juu ya chukudu wakamsukuma mpaka Gisenyi. Mzee aliishi miaka mingine mitatu.

"Na wewe mama, ulikuwa umebeba nini?"

"Godoro."

Tangu siku hiyo anaposimulia anaanza na godoro.