Iachie Kompyuta Hesabu za Jioni

Maduka ya jumla ya Mtaa wa Kongo na Msimbazi, Kariakoo, Dar es Salaam, yakishafungwa, kazi bado ipo: kujumlisha mauzo ya daftarini, kuyatoa kwenye hesabu ya stoo, kutafuta bidhaa zinazokaribia kwisha, kisha kumpigia tajiri ajue cha kuagiza. Kazi hii haibadiliki, leo ni kama jana. Kompyuta inaiweza, na programu za kuifanya zinapatikana bure. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuubadili na kuusambaza.

Mbili zinatosha kuanzia. LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, ina Calc ya kutengenezea majedwali. Node-RED, iliyobuniwa na wahandisi wa IBM mwaka 2013, hupanga kazi zifuatane: unaburuta visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa mistari. Laptopu ya kawaida inaiendesha.

Hatua za kufuata

1. Andika kazi yote kwenye karatasi, kama unavyomwelekeza kijana mgeni dukani. Hatua usiyoweza kuieleza, kompyuta haitaifanya.
2. Kwenye Calc weka safu tano: bidhaa, iliyoingia, iliyouzwa, iliyobaki na kiwango cha chini. Jioni, ukishajaza mauzo, hifadhi nakala ya CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma.
3. Kwenye Node-RED unganisha visanduku vya kuanzisha kazi kwa saa maalumu, kusoma faili, kulinganisha kilichobaki na kiwango cha chini, na kutuma barua pepe. Hicho cha mwisho hakiji na Node-RED, hivyo kisakinishe peke yake. Kumbuka, saa 2 usiku kwa kompyuta ni 20:00.
4. Kwa wiki mbili endelea na daftari, ukilinganisha majibu. Yakipishana, tafuta sababu kabla ya kuliacha daftari.

Tahadhari

Node-RED ikishasakinishwa haiombi nywila mpaka uiwekee. Usiifungulie intaneti kabla ya hapo. Epuka programu za vichochoroni zinazotuma ujumbe wa WhatsApp zenyewe, kwani namba ya biashara inaweza kufungiwa. Risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, iendelee kutolewa kwa kila mauzo, kwa kuwa jedwali lako halichukui nafasi yake. Ukitunza majina na namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, hivyo zionwe na wanaohusika tu.

Weka pia nakala ya mafaili nje ya duka. Moto wa Julai 2021 uliteketeza jengo la Soko Kuu la Kariakoo, na aliyekuwa na kumbukumbu zake humo tu, alizipoteza pamoja na mali.

Anza na kazi moja. Ikitoa majibu sahihi siku zote, ongeza ya pili, mathalani orodha ya wateja wa mikoani wanaodaiwa. Muda unaookoa utumie stoo, kuhesabu mzigo kwa macho: jedwali linajua kilichoandikwa tu, na kilichoibwa au kuharibika utakiona wewe.