Konstrakta na Thamani Zinazokokotolewa: Mfano wa Mizani za Ushairi

Makala haya yanachunguza tatizo moja katika uandishi wa programu zinazojengwa kwa klasi na vitu, yaani pale ambapo kitu hakiwezi kukamilika kabla ya thamani fulani kukokotolewa. Mfano unaotumiwa ni wa arudhi, na lugha ya programu ni Java.

Klasi ni mithili ya ramani ya nyumba. Kitu ndicho nyumba yenyewe. Konstrakta ni sehemu ya klasi inayokijenga kitu na kukipa thamani zake za awali. (Neno ngeli lingeifaa klasi, ila lingewatatiza wanasarufi.)

Chukulia klasi iitwayo Mshororo, inayohifadhi maandishi na idadi ya mizani. Je, idadi hiyo itoke wapi? Konstrakta ikimwachia mtumiaji aitaje, atasema 16 hata mshororo ukiwa na 15, na programu itaamini. Kwa hivyo wengi huiagiza konstrakta ihesabu yenyewe. Hapo ndipo penye mtego.

Kuhesabu irabu pekee hakutoshi. Ukwapi "Mtu mwema hana njaa" una irabu 7 lakini mizani 8, kwa kuwa m ya mtu ni silabi kamili. Aidha, mbwa ni m-bwa ilhali mbegu ni mbe-gu. Basi mwanaprogramu huunda klasi-mtoto yenye orodha ya maneno ya aina hiyo, na kitendo chake cha kuhesabu huchukua nafasi ya kile cha mzazi. Ajabu ni kwamba programu huanguka. Katika Java, konstrakta ya mzazi hutangulia. Inapoita kitendo cha kuhesabu, kinachoitikia ni cha mtoto, naye orodha yake bado ni tupu. Kitu kimetumiwa kabla hakijazaliwa kikamilifu.

Njia iliyo salama ni kuiacha konstrakta ipokee thamani zilizo tayari, na kuifanya ya faragha. Kuhesabu kufanywe na kitendo cha klasi yenyewe, kisichohitaji kitu kuwapo. Joshua Bloch alivipigia debe vitendo vya namna hiyo katika kitabu chake Effective Java (2001). Kitendo hicho hupewa maandishi pamoja na kitu kingine, Mhesabu, ambacho kimekwisha kukamilika na orodha yake. Mizani ikipungua, kitendo hukataa, na hakuna mshororo mbovu unaoundwa.

Ni kweli kwamba tangu Java 25, iliyotolewa Septemba 2025, konstrakta ya mtoto inaruhusiwa kuijaza orodha yake kabla ya kuita ya mzazi. Hata hivyo, ruhusa hiyo humtaka kila mwandishi wa klasi-mtoto akumbuke kufanya hivyo, na akisahau, hitilafu ile ile hurudi.