Siku Kumi za Mwanzo: Hesabu ya Kufunga Nchi Wakati wa Mlipuko

Tuanze na mgonjwa mmoja. Ana kirusi kinachosafiri kwa pumzi, naye bado hajajua kwamba anaumwa. Leo atapanda matatu, atashinda kazini, na jioni atakula na jamaa zake. Ataambukiza watu wangapi kabla hajapona? Jibu linategemea mambo manne tu. La kwanza, anakutana kwa karibu na watu wangapi kwa siku. La pili, kila anapokutana na mtu, uwezekano wa kumwambukiza ni kiasi gani. La tatu, atabaki na uwezo wa kuambukiza kwa siku ngapi. La nne, kati ya hao anaokutana nao, ni sehemu gani haina kinga. Zidisha mambo hayo manne, unapata namba ambayo wanasayansi huiandika R. Mwaka 1927, Kermack na McKendrick, waliokuwa wakifanya kazi Edinburgh, waliiweka fikra hii kwenye milinganyo ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa hesabu za milipuko.

Barakoa hupunguza jambo la pili. Kupima watu na kumtenga mgonjwa mapema hupunguza la tatu. Chanjo hushughulikia la nne. Kufunga maduka, barabara na shule hugusa lile la kwanza: idadi ya watu tunaokutana nao. Ni njia ya haraka kuliko zote, kwa kuwa amri hutangazwa mchana ikaanza kutekelezwa usiku. Pia ni ghali kuliko zote, kwa kuwa riziki nayo hupatikana kwa kukutana. Muuza mboga asiyekutana na watu hauzi kitu.

Mwaka 2020, ubishi juu ya jambo hili ulipopamba moto, watu wengi waliuweka kwenye mizani: uhai upande huu, uchumi upande ule. Naamini mizani hiyo ilitupotosha. Inamfanya mtu adhani kwamba kila siku ya kufunga huokoa uhai kwa kiasi kilekile na kugharimu fedha kiasi kilekile. Si hivyo, kwa upande wowote ule, na kuelewa kwa nini si hivyo kunahitaji kalamu na karatasi.

Kirusi cha korona kilipoanza kuenea, R ilikadiriwa kuwa kati ya 2 na 3. Tuchukue 2.5. Kutoka mgonjwa mmoja kuambukizwa hadi kumwambukiza mwingine hupita kama siku 5, na hicho tukiite kizazi kimoja cha maambukizi. Katika siku 30 kuna vizazi 6. Wakianza wagonjwa 100, kizazi cha sita kitakuwa na 2.5 iliyozidishwa kwa yenyewe mara sita, kisha mara 100, yaani wagonjwa wapya 24,400 hivi. Sasa punguza makutano ya watu kwa nusu, R iwe 1.25. Kizazi cha sita kitakuwa na wagonjwa 381. Makutano yamepungua mara 2, wagonjwa wamepungua mara 64. Ukishusha R hadi 0.9, kizazi cha sita kina wagonjwa 53, na ugonjwa unarudi nyuma wenyewe.

Angalia namba 1. Nchi iliyofunga kiasi cha kuifikisha R kwenye 1.1 imelipa karibu gharama yote ya kufunga, lakini ugonjwa bado unapanda, japo polepole. Hatua ndogo iliyobaki, kutoka 1.1 kwenda 0.9, ndiyo inayogeuza mwelekeo. Mara nyingi hatua hiyo inaweza kutoka kwenye vitu vya bei nafuu: barakoa, madirisha ya matatu kuwa wazi, mazishi na harusi kuwa na watu wachache. Anayepima manufaa ya kufunga bila kuuliza R iko wapi hana anachopima.

Tuje kwenye wakati, maana hapa ndipo uchumi na afya vinapofungamana. Chukua serikali mbili, kila moja ina wagonjwa 100 leo. Ya kwanza inafunga leo. Ya pili inasema isubiri kwanza siku 10 ili biashara isiumie. Siku 10 ni vizazi viwili, na wagonjwa wanafika 625. Ikifunga sasa na kuishusha R hadi 0.9, itahitaji siku kati ya 85 na 90 ili irudi kwenye wale 100 ilioanza nao. Siku 10 za biashara zimelipiwa kwa karibu miezi mitatu ya kufunga. Ikiamua kubana zaidi, R iwe 0.7, itarudi pale baada ya siku 26 hivi. Kwa hiyo anayechelewa kwa kuuhurumia uchumi ndiye anayeuumiza zaidi, na anayefunga kwa ulegevu huishia kufunga muda mrefu.

Upande wa pili wa hesabu ni wa nyumbani, nao pia haupandi kwa mstari ulionyooka. Nchini Kenya, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wenye ajira wako katika sekta isiyo rasmi. Katika mitaa ya Nairobi kama Mathare na Kibra maisha ni ya kadogo: unga wa kupimwa, mafuta ya kupikia ya kumimina kwenye kikopo, maji ya mtungi wa lita 20, sabuni kipande. Kila siku inajilisha yenyewe. Ukimfungia fundi cherehani wa hapo siku tatu, atabana matumizi. Wiki ya pili atakopa dukani. Mwezi ukiisha, mwenye nyumba atataka kodi, na cherehani itauzwa. Amri ikiondolewa siku inayofuata, mshahara wa mfanyakazi wa ofisini utaendelea pale ulipoishia, lakini fundi hana tena cha kufanyia kazi. Siku ya 40 ya kufunga haigharimu sawa na siku ya 4. Inagharimu mara nyingi zaidi, na deni lake halifutwi na tangazo la kufungua.

Zaidi ya hapo, nyumba yenyewe inabadilisha R. Familia ya watu sita katika chumba kimoja, choo kimoja kwa vyumba ishirini, bomba moja kwa ploti nzima: hao huwapunguzii makutano kwa kuwaambia wakae ndani. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa Wellcome mjini Kilifi walipima damu ya wachangiaji katika robo ya pili ya 2020, wakati kafyu na zuio la kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa vikiwa vinatekelezwa. Walikadiria kwamba kama mtu mzima 1 kati ya 20 tayari alikuwa na chembe za kinga dhidi ya kirusi hicho. Wagonjwa waliokuwa wamethibitishwa rasmi nchi nzima hawakuzidi sana 2,000, yaani kirusi kilikuwa kimeenea bila kuonekana, amri zikiwepo.

Amri mbaya inaweza hata kuipandisha R. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu nchini Kenya, watu waliotoka kazini kisiwani Mombasa walifurika kwenye kivuko cha Likoni ili wavuke kabla ya saa moja jioni. Polisi wakarusha mabomu ya machozi na kuwapiga watu wakati saa ya kafyu haijafika. Umati ulibanana, watu wakikohoa, wakitema, wakijisugua macho kwa mikono. Rudi kwenye yale mambo manne: makutano yaliyokuwa yaenee jioni nzima yalisukumwa kwenye saa chache, na uwezekano wa kuambukizana katika kila kukutana ukaongezwa kwa moshi. Feri zaidi na saa mbili za ziada zingefanya kazi ambayo rungu haliwezi kufanya.

Kuna kosa jingine katika mizani ile: kudhani kwamba bila amri ya kufunga, uchumi ungebaki kama ulivyokuwa. Denmark ilifunga Machi 2020, Sweden jirani yake haikufunga kwa namna hiyo. Watafiti waliochunguza akaunti za wateja wa benki moja katika nchi hizo mbili waliona matumizi ya Wadenmark yakishuka kwa asilimia 29 na ya Waswidi kwa asilimia 25. Sehemu kubwa ya hasara ililetwa na woga wa ugonjwa wenyewe. Tanzania nayo haikuwafungia watu majumbani, na anga lake lilifunguliwa mwezi Mei, lakini watalii walishuka kutoka kama milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama laki 6 na 20 elfu mwaka 2020. Gharama halisi ya kufunga ni ile tofauti tu, yaani hasara iliyoongezwa na amri juu ya hasara ambayo ugonjwa ungeileta hata hivyo.

Umri nao uingie kwenye hesabu. Uwezekano wa korona kumuua aliyeambukizwa ulikadiriwa kuwa kama asilimia 0.01 kwa mwenye miaka 25, asilimia 1.4 kwa mwenye miaka 65, na karibu asilimia 15 kwa mwenye 85. Kama nusu ya Wakenya hawajapita miaka 20, ilhali nusu ya Waitaliano wamepita 45. Maambukizi 1,000 yaliyozuiwa Milan yaliokoa watu wengi kuliko 1,000 yaliyozuiwa Machakos. Hiyo haina maana kwamba Afrika haikuumia. Katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya mafunzo mjini Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020, marehemu 58 kati ya 364 waliopimwa walikutwa na kirusi hicho, na wachache mno walikuwa wamepimwa walipokuwa hai.

Swali zito linabaki: ukifungua, si kirusi kitarudi? Kitarudi, kwa kuwa jambo la nne, yaani sehemu ya watu wasio na kinga, halijabadilika sana. Kufunga hununua muda, na thamani ya muda hutegemea ulichoufanyia. Juni 2020 majaribio ya Uingereza yalionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyo katika hospitali nyingi, hupunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia. Aliyeambukizwa Julai badala ya Aprili alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Chanjo zilifika Nairobi Machi 2021. Lakini muda ambao haukuleta mitungi ya oksijeni, wauguzi wala vipimo ulinunuliwa bila faida, na aliyelipa ni yule fundi.

Hasara nyingine hazionekani kwenye pato la taifa hata kidogo. Uganda ilifunga shule Machi 2020, ikarudisha baadhi ya madarasa kwa vipindi, ikafunga tena, na ikazifungua zote Januari 10, 2022. Mtoto aliyeacha shule katika darasa la tano hapunguzi chochote kwenye takwimu za uchumi za mwaka huo. Nchini humohumo, mwanzoni, gari la binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali cha mwakilishi wa rais wilayani, hata likiwa limembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Hapo kufunga kulikuwa na gharama ya uhai moja kwa moja.

Kitu kimoja kinaweza kubadilisha hesabu yote, nacho ni fedha kufika nyumbani mapema. Aprili 2020 Togo ilianzisha mpango wa Novissi. Mtu wa kipato cha kubahatisha alijiandikisha kwa simu ya kawaida kwa namba ya kadi ya mpiga kura, na fedha zikaingia kwenye simu yake. Kwa mwezi, wanaume walipewa faranga za CFA 10,500 na wanawake 12,250. Haikuwa mshahara, lakini ilitosha unga, na mtu mwenye unga anaweza kutii amri ya kukaa nyumbani bila kuuza cherehani. Kenya imekuwa na M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, tangu 2007. Tangazo la kufunga linalotoka bila tarehe ya malipo hayo, na bila kusema R ikifika wapi ndipo milango itafunguliwa, limeandikwa nusu.