Dondoo muhimu: Kabla hujamwandikia mtu barua ya kumwachisha kazi

Mwajiri wa Kenya, mfanyakazi akikushtaki, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakutaka wewe uthibitishe sababu ya kumwachisha. Ukishindwa, mahakama yaweza kuamuru umlipe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12, au umrudishe kazini.

Wengi huanguka kwenye utaratibu. Hata ukimshuku wizi, mweleze tuhuma kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, kisha usikilize utetezi wake kabla ya kuamua. Kumwita ajieleze ilhali barua imeshatiwa saini ni kumdhulumu.

Hifadhi kumbukumbu za kikao na barua za onyo. Mfanyakazi ana miaka 3 ya kufungua kesi, na kufikia wakati huo msimamizi aliyeshuhudia kisa huenda atakuwa ameshahama.