SOMO: Kijana Aliyepeleka Habari kwa Jemadari
(Matendo ya Mitume 23:16-22)



Somo la mwezi huu ni zito. Tunaomba wazazi walisome kwanza wao wenyewe, ndipo walizungumze na watoto kwa maneno yanayowafaa. Linahusu watu wanaotumia simu na intaneti kuwaharibu watoto wetu. Tena linatuhusu sisi wenyewe, maana siku tunapojua au kushuku jambo kama hilo, wengi wetu hatujui habari ipelekwe wapi, na wengine tunajua lakini hatuipeleki.

Fungueni Matendo 23. Paulo amefungwa ngomeni Yerusalemu. Watu zaidi ya arobaini wamejifunga kwa kiapo kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wamemwua. Mtoto wa dada yake Paulo akasikia habari za mtego huo. Biblia haitupi jina lake wala miaka yake, inamwita kijana tu. Akaingia ngomeni akamwambia mjomba wake. Sasa angalieni Paulo alivyofanya. Hakumwambia kijana anyamaze ili ukoo usiingie matatani. Hakusema tuliombee kwanza siku saba, ingawa Paulo alikuwa mwombaji kutupita sisi sote. Alimwita akida, akasema kijana huyu apelekwe kwa jemadari, kwa sababu jemadari ndiye aliyekuwa na askari.

Na jemadari naye, mtu wa mataifa ambaye hakuijua Torati, alimshika kijana mkono, akajitenga naye kando, akamwuliza kwa faragha. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwonya asimwambie mtu ye yote kwamba amemletea habari hizo. Usiku ule ule, saa tatu, askari mia mbili, wapanda farasi sabini na wenye mikuki mia mbili walikuwa tayari kumpeleka Paulo Kaisaria. Biblia haisemi kwamba wale arobaini walijua nani aliyetoa habari.

Tunaandika haya kwa sababu sisi katika kanisa letu hapa Nakivale tulifanya kinyume chake. Tumepata ruhusa ya mama wa mtoto kuyasema, na mambo kadhaa tumeyabadili ili mtoto asitambulike.

Binti wa miaka 14 alianza kuandikiwa kwenye WhatsApp na mtu aliyejiita mzee wa kanisa huko Kanada. Alijua nyimbo za kwaya yetu, alijua jina la mama. Alisema anasaidia familia za wakimbizi kupata mdhamini wa kwenda ng'ambo. Aliomba picha ya uso kwa ajili ya faili, akatumiwa. Baadaye akasema kuna picha za kipimo cha afya, na kwamba ni siri mpaka faili ikubaliwe. Wapendwa, mnajua neno faili lina nguvu gani katika nyumba zetu. Mtoto aliona anaifungulia familia yake mlango. Alipotuma ile picha mbaya, mtu yule akabadilika siku hiyo hiyo: tuma nyingine, la sivyo nitawapelekea wenzako wote wa kwaya. Akamtumia kijana mmoja ili kuonyesha kwamba hatanii.

Kijana yule hakuisambaza. Alikuja kwetu wazee jioni ile. Yeye alifanya kama yule kijana wa Matendo. Sisi ndio hatukufanya kama Paulo.

Tulikaa kikao. Wazee watatu walitaka waione picha ili wahakikishe. Mmoja aliituma kwenye simu ya mchungaji, akasema ni ushahidi. Mwingine alimpigia yule mtu akamkemea kwa jina la Yesu, na mtu akaifunga namba yake akapotea. Mjomba wa mtoto alimpiga binti, akafuta kila kitu katika simu yake. Halafu tulikubaliana kuweka jambo ndani ya kanisa tusichafue jina la familia. Zikapita siku tisa. Siku ya kumi mama mwenyewe alikataa, akasema, "Baba mchungaji, mimi nakwenda polisi, ukitaka twende wote." Tulikwenda. Afisa wa dawati la watoto alituuliza maswali mawili tu ya kwanza: ujumbe wenyewe uko wapi, na ni nani mwingine aliyeiona picha? La kwanza hatukuwa na jibu. La pili tulikuwa na jibu, na tulilitoa tukiangalia chini.

Ujumbe wa kwenye simu ya yule kijana ndio uliobaki. Namba ilichukuliwa. Hadi tunapoandika hatujaambiwa kama mtu huyo amepatikana.

Tangu wakati ule tumesoma tena 2 Samweli 13, habari za Tamari. Wengi tunakumbuka dhambi ya Amnoni, lakini angalieni nyumba nzima. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze, maana aliyemtenda ni ndugu yake. Daudi alikasirika sana, na hasira yake ikaishia hapo. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyehukumiwa, na Tamari akakaa ukiwa katika nyumba ya kaka yake. Miaka miwili baadaye ndipo damu ikamwagika. Kikao chetu kilikuwa na hasira kama ya Daudi. Tulipiga meza sana siku ile.

Sasa tujibu maandiko yanayotumiwa kufunga midomo, maana hata sisi tuliyatumia.

La kwanza ni 1 Wakorintho 6, kwamba ndugu asimshitaki ndugu mbele ya wasioamini. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa vizuri: Paulo anasema juu ya watu wazima wanaodhulumiana mali. Mbuzi wa jirani akila mahindi yako, leta kwa wazee, tutakaa hapo chini ya mti mpaka mpatane. Lakini mtoto kuharibiwa si mbuzi kula mahindi. Ni jinai, na kanisa halikupewa upanga wa kuhukumu jinai. Warumi 13:4 inasema nani amepewa. Paulo yule yule aliyeandika kwa Wakorintho alikata rufani kwa Kaisari katika Matendo 25.

La pili ni Mathayo 18:15, kwamba ukikosewa mwendee ndugu yako wewe na yeye peke yenu. Anayelitumia hapa ameruka mstari wa 6 wa sura hiyo hiyo, penye jiwe la kusagia, ambapo Bwana anasema juu ya wadogo. Ukimwendea mtu wa namna hii peke yako, umemwonya akimbie, afute, atafute mtoto mwingine. Hivyo ndivyo mzee wetu alivyofanya kwa moyo mwema.

Na kuna Walawi 5:1, ambalo hatukumbuki kulisikia likihubiriwa hata mara moja: shahidi aliyeona au kujua, akakaa kimya alipotakiwa kusema, atauchukua uovu wake. Sheria ya Watoto ya Uganda nayo inazungumza juu ya mtu katika jamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa. Haisemi raia peke yake, na mkimbizi ni mtu katika jamii.

Tunajua hofu iliyopo. Wengi wetu tulikimbia watu wenye sare, na moyo bado unaruka tukiona bunduki. Wengine wanaogopa kwamba faili itaharibika. Wapendwa, kutoa taarifa ya uovu aliotendewa mtoto hakuifuti familia katika orodha. Na jueni hili: huduma za UNHCR hazilipiwi, wala hakuna mfanyakazi wa kweli wa UNHCR atakayemwomba mtoto picha ya mwili kwenye simu. Akiomba, huyo ni mwovu, hata kama ametaja namba ya kadi yenu ya familia.

Basi habari ipelekwe wapi? Katika vituo vya polisi hapa Uganda kuna kitengo cha familia na watoto. Omba kuonana na afisa wa kitengo hicho, na kama mtoto ni binti unaweza kuomba afisa wa kike. Ukiwa mbali na kituo, au ukiogopa kwenda, piga 116. Ni namba ya msaada kwa watoto, inaitwa Sauti, iko chini ya Wizara ya Jinsia, na kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. UNHCR pia ina namba ya bure, 0800 323232, na wao watakuelekeza kwa shirika linalolinda watoto katika zoni yenu. Mwenyekiti wa RWC anaweza kukusindikiza, lakini asikalie jambo. Akikuambia ngoja mpaka kikao cha Jumamosi, usingoje. Tunasema hivyo pia juu ya wachungaji.

Huhitaji kuwa na uhakika. Yule kijana alisema alichosikia, na uchunguzi ukawa kazi ya jemadari. Ukianza kuchunguza mwenyewe utaharibu nyayo, na ukilitaja jina la mshukiwa sokoni unaweza kuua mtu kwa mawe ya vijana, naye pengine si yeye.

Kuhusu simu tunarudia, kwa sababu hapo ndipo tulipoharibu zaidi. Usifute ujumbe. Usimjibu mtu huyo wala kumtukana. Andika kwenye karatasi namba yake, jina alilotumia, tarehe na saa, na alichoahidi au kutishia. Picha chafu ya mtoto usiinakili, usiipige picha, usiitume kwa mtu ye yote, hata kwa mchungaji, hata kwa polisi. Beba simu yenyewe uipeleke ilivyo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inakataza kutengeneza, kusambaza na hata kukaa na picha kama hizo, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Yule mzee aliyesema ni ushahidi alikuwa anasambaza. Na kila macho yanayoiona yanamjeruhi mtoto upya. Ikikuta kwenye kundi la WhatsApp bila wewe kuomba, toa taarifa mara moja, na uwaambie wenzako wasiisukume mbele.

Wengine wanauliza, mtu yuko Kanada au anasema yuko Kanada, polisi wa hapa watamfanya nini? Ni swali la haki. Hizi kampuni kubwa za mitandao nyingi ni za Marekani, na sheria ya huko inazilazimisha zikigundua picha za watoto zilizo chafu zipeleke taarifa kwa kituo kinachoitwa NCMEC, ambacho tangu mwaka 1998 kinapokea taarifa hizo na kuzielekeza kwa polisi wa nchi inayohusika. Kwa hiyo sehemu ya kuripoti iliyomo ndani ya WhatsApp si pambo. Ukiibonyeza, kampuni inapelekewa ujumbe wa mwisho wa mtu huyo. Ila uonane na polisi kwanza, ndipo uripoti na kumfungia, usije ukapoteza mazungumzo. Kituo hicho hicho kina huduma iitwayo Take It Down, kwa mtu aliyepigwa picha akiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yake. Inachukuliwa alama yake tu, kama alama ya kidole, na mitandao iliyokubali kushiriki inaitumia kuizuia. Haitafika kila mahali, lakini inasaidia. Mtoto atahitaji mtu mzima mwenye subira wa kukaa naye akiijaza.

Kama mtoto ameguswa mwili, na si simu tu, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi ikianzwa kabla ya saa 72. Msisubiri karatasi ya polisi ndipo mwende hospitali.

Tumebakiza neno juu ya mtoto mwenyewe. Binti wetu alituambia baadaye kwamba alikaa wiki tatu na siri ile, akipika, akichota maji, akiimba Jumapili, na kilichomfunga mdomo si yule mtu wa Kanada. Aliogopa fimbo ya mjomba na aliogopa kufukuzwa kwaya. Vyote viwili alivyoviogopa vilimpata, maana kikao chetu kilimsimamisha kuimba. Tulisoma Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 25 hadi 27, ambapo msichana aliyepatwa shambani hahesabiwi kosa lo lote, tukaona aibu. Mtoto aliyedanganywa na mtu mzima hana kesi ya kujibu kanisani. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya kwaya, bila kutaja jina la mtu wala jambo lenyewe, tukasema wazee walikosea na adhabu zote walizotoa mwezi ule zimefutwa. Nyumbani kwa mama yake tulikwenda tukaomba msamaha kwa maneno yaliyo wazi. Mjomba alikuja pia. Alichelewa, lakini alikuja.

Binti hajarudi kwaya. Anakuja ibadani, anakaa nyuma na mama yake, na hatumsukumi.

Namba hizo mbili, 116 na 0800 323232, zimeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa ndani karibu na mlango wa akina mama na kwenye darasa la Shule ya Jumapili. Tumeziandika chini kidogo, mahali mtoto wa miaka minane anapoweza kuzisoma.