Turbo Imekufa? Kwanza Ulizeni Ni Nini Kilichoiua

Somo letu safari hii si la mbuzi wa maziwa wala la kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Ni la gari. Vikundi vichache tunavyovijua, upande wa Runyenjes, Chuka na Nkubu, vimechanga pesa vikanunua pikapu kuukuu ya dizeli ya kubeba ndizi, maziwa na magunia ya mbolea. Mengi ya magari hayo yana turbo. Turbo ni kitu kizuri, lakini ikiharibika yaweza kumaliza akiba ya kikundi kwa siku moja. Sisi wenyewe yametupata, ndiyo sababu tunaandika.

YALIYOTUPATA

Pikapu yetu ilikuwa imebeba ndizi kutoka Mitunguu, ikipanda kuelekea Nkubu, ikaanza kukosa nguvu. Dereva akakanyaga mafuta. Gari likatoa moshi mweusi kama wa koroboi, na mwendo haukuongezeka. Punda mwenye mitungi ya maji alitupita, na si utani.

Tukaita fundi. Akafungua boneti, akasikiliza kidogo, akasema, "Wazee, hii turbo imekufa." Basi tukamwamini. Pesa za ndizi za miezi minne zikaenda kununua turbo ya mtumba. Gari likapata nguvu, tukafurahi. Wiki ya tatu turbo ile ikaanza kulia kama firimbi, kisha ukaja moshi wa bluu, kisha ikakwama kabisa.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja wa jua kali pale Embu, mtu wa maneno machache. Yeye hakugusa turbo kwanza. Alitwambia tutazame mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini. Karibu na klipu mpira ule ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na yule fundi wa kwanza alikuwa ameuzungushia utepe mweusi, akanyamaza. "Huu ndio ulikuwa ugonjwa wenu wa kwanza," mzee akasema. Kisha akafungua paipu nyembamba inayopeleka oili kwenye turbo, akaipuliza kwa mdomo. Pumzi ilipita kidogo tu, kama ya mtu mwenye pumu. Ndani mlikuwa na oili iliyoungua ikaganda kama masizi ya sufuria. "Na huyu ndiye aliyeua turbo ya pili."

Turbo yetu ya kwanza nayo ilikuwa ikinyimwa oili, lakini ilikuwa bado inafanya kazi. Mpira mmoja na paipu moja vingeiokoa. Tayari tulikuwa tumeiuza kwa mtu wa vyuma vikuukuu.

TURBO INAFANYA KAZI GANI?

Injini hula mafuta na hewa pamoja. Ukiiongezea mafuta bila hewa, mafuta hayaungui yote, nao ndio ule moshi mweusi. Turbo ni feni mbili kwenye mti mmoja. Moshi unaotoka injini kwa nguvu huzungusha feni ya kwanza, na ile ya pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Aliyeandikisha wazo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Kwa hiyo si uchawi wa juzi.

Sisi wa huku tunaihitaji kuliko watu wa Mombasa. Embu na Meru ziko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi. Gari lisilo na turbo linaloondoka Ishiara likiwa na nguvu litachoka likifika Timau hata kama halina ugonjwa. Lenye turbo hupungukiwa kidogo tu. Basi turbo ikianza kuugua utaijua zaidi kwenye mlima, ukiwa na mzigo. Pale tambarare gari linaweza kukudanganya kwamba liko sawa.

Jambo la kushika ni hili. Mti ule wa feni huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na upande mmoja moshi wa moto mkali unapita. Kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa oili ya injini. Oili ikikosekana, hata kwa muda mfupi, mti unakwaruzwa. Oili ikiwa chafu, ni kama kuutilia mchanga. Ndiyo maana turbo nyingi hazifi zenyewe. Zinauawa na njaa ya oili, uchafu wa oili, au kitu kilichoingia kupitia njia ya hewa. Ukibadilisha turbo ukamwacha muuaji ndani, hata mpya atairudia.

SOMENI MOSHI

Moshi mweusi, na gari halina nguvu: hewa haitoshi au mafuta yamezidi. Anzeni na kitu cha bei rahisi. Toeni filta ya hewa mwitazame. Gari linalokwenda Siakago au Marimanti wakati wa kiangazi hujaza filta vumbi upesi sana, na lile vumbi laini huziba kuliko mchanga. Kisha shikeni mipira yote ya hewa kutoka turbo hadi injini, pamoja na ile inayoingia na kutoka kwenye redieta ndogo ya kupoza hewa, kwa magari yaliyo nayo. Tafuteni ufa, klipu iliyolegea, au mahali palipolowa oili na vumbi likashika. Ufa mwingine hujificha upande wa chini, basi pitisheni vidole. Mkisikia gari linapuliza "fsss" mnapopanda, huenda ni hapo. Kama yote haya ni mazima, ndipo nozeli na pampu ya dizeli zipimwe.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Yaweza kuwa turbo, yaweza kuwa ringi za pistoni. Na hapa mafundi wengi hukosea: paipu ya kurudisha oili kutoka turbo ikiziba, au tundu la kupumulia injini likiziba, oili hukosa pa kwenda ikapenya kwenye turbo iliyo nzima kabisa. Mtu anauziwa turbo kwa sababu ya paipu iliyoziba.

Moshi mweupe asubuhi ya baridi pale Chogoria, ukiisha injini ikipata joto, si neno. Lakini ukiendelea, na maji ya redieta yanapungua kila siku, fikirini gasketi ya silinda hedi. Msifungue kifuniko cha redieta ikiwa moto. Tumeona uso wa mtu ulioungua hivyo.

KUIPIMA TURBO YENYEWE

Zimeni gari, lipoe kabisa. Ondoeni mpira wa kuingiza hewa, mtaona feni. Ishikeni kwa vidole muizungushe. Izunguke laini bila kukwaruza. Ivuteni na kuisukuma, mbele na nyuma: isicheze kwa namna ya kuonekana. Ukiipeleka kando itacheza kidogo, na hilo ni kawaida, lakini ncha za feni zisiguse ukuta. Feni iliyovunjika meno au yenye alama za kusagika, hiyo kweli imekwisha. Oili kidogo ya kulowesha kidole ndani ya mpira isiwatie hofu. Ikiwa imesimama kama dimbwi, hilo ni shauri jingine.

Injini ikiwa inanguruma msiingize kidole, kalamu wala tambara hapo.

TABIA YA DEREVA

Hili tunalisema kwa upole kwa sababu madereva ni vijana wetu. Umepanda na mzigo, turbo ni moto sana. Ukizima injini papo hapo, oili inasimama huku chuma bado kimewaka, nayo inaungulia ndani ya turbo na kwenye paipu yake. Ndivyo paipu yetu ilivyoziba. Baada ya mlima au mwendo wa kasi, acheni injini inguruma polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Asubuhi vilevile, msiikanyage kwa nguvu mara tu inapowaka. Oili bado haijafika.

Kuna desturi mbaya zaidi. Dereva anapanda kilima, akifika juu anazima injini na kuweka gari free ili lishuke bure, ati anaokoa dizeli. Mnalijua bonde la Nithi na la Thuci, barabara inavyoshuka na kupinda. Turbo inaungua, lakini hiyo ni hasara ndogo. Katika magari mengi ya dizeli breki husaidiwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, baada ya kukanyaga mara chache breki inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani wa pawa nao unakuwa mzito. Kikundi kiweke sheria ya kukataza jambo hili, na iandikwe.

INJINI IKIKATAA KUZIMIKA

Turbo ikipasuka vibaya, injini ya dizeli inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe kama mafuta. Moshi mzito unatanda, injini inapiga kelele zaidi na zaidi, na ukizima ufunguo haisikii. Watu watoke mbele na kando ya gari. Dereva akanyage breki kwa nguvu zote, avute na breki ya mkono, aweke gia kubwa kabisa, aachilie klachi ili injini izimwe kwa nguvu. Isipozimika, mdomo wa kuvuta hewa unaweza kuzibwa kwa ubao bapa, kamwe si kwa mkono wala nguo. Na kama hamwezi kufika hapo kwa usalama, acheni injini ife. Mtu hana spea.

MKIENDA GEREJI

Nendeni wawili, pamoja na mtunza hazina. Fundi akisema turbo imekufa, mwambieni, "Tuonyeshe. Na ni nini kilichoiua?" Fundi mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Mkikubaliana kuibadilisha, paipu ya kupeleka oili iwe mpya au isafishwe mpaka ipitishe vizuri, paipu ya kurudisha ikaguliwe, oili na filta zibadilishwe, na mipira ya hewa ifutwe ndani isibaki na vipande vya chuma. Kabla ya kuwasha, fundi atie oili safi kwenye tundu la turbo, akate dizeli, azungushe injini kwa stata bila kuwaka mpaka oili ifike. Vipuri vya zamani mrudi navyo nyumbani.

MASWALI YA KUJADILIANA

Fungueni boneti mbele ya kikundi, gari likiwa baridi. Ni nani kati yenu, mbali na dereva, anayeweza kuonyesha turbo, filta ya hewa na kijiti cha oili?

Oili ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na ni wapi palipoandikwa? Kama hakuna daftari la gari, nani atalinunua kabla ya mkutano ujao?

Dereva wenu hulipwa vipi? Kama anapewa kiasi fulani cha dizeli na kinachobaki ni chake, je, mtamzuiaje kushuka bonde la Nithi injini ikiwa imezimwa?